Sensa Yangu na Masikio ya Bibi Eufrazia

Mpendwa mshauri Shangazi Raya, shikamoo. Naomba msaada, japo hapa Morogoro kwa kawaida anayeombwa msaada ni mimi. Mimi ndiye fundi umeme wa magari mkali kuliko wote kuanzia Msamvu mpaka milima inapoishia, na inapoishia sijafika ila jina langu naamini limeshafika. Shule niliiacha kidato cha pili, hasara ikawa ya shule. Gari bovu likinisikia nakohoa linawaka lenyewe.

Sasa sikiliza Shangazi, hapa Bigwa kuna kenta inabeba mboga za akina mama wanaoshuka mlimani, wengine matenga kichwani, wengine wanasukuma baiskeli zilizojazwa mpaka baiskeli huioni, unaona karoti zinatembea, na kenta ikirudi nyuma kuja kupakia lazima utingo wake, Mosi, ashuke asimame nyuma apige bodi kwa kiganja, pa pa pa njoo, pa pa njoo, akipiga moja kubwa dereva anasimama, ndivyo wanavyofanya tangu sijazaliwa, mimi nikaona huu ushamba, magari ya wenzetu yana macho halafu sisi tunapiga bati, nikamwambia dereva Nasibu, "Kaka, nakufungia sensa kwenye bampa la nyuma, mtu akikaribia tu alamu inapiga kelele ndani kwako na nje kwake." Nikafunga, nikajijaribia mwenyewe, nikasimama nyuma kifua mbele kama askari wa gwaride, ikalia mpaka kuku wakatawanyika, akina mama wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo Mosi hashuki, anakaa kiti cha mbele anachezea simu, maana mimi mwenyewe nilimwambia, "Pumzika mwanangu, kiganja chako kimestaafu."

Ila kule juu barabara ni nyembamba, magari yakikutana lazima mmoja arudi nyuma, na kila Nasibu akirudi alamu inalilia jani, inalilia jiwe, inalilia mgomba wa watu, akaja kanikunjia uso, "Luqmani, hili dude lako litanitia wazimu, ukishindwa nalikata waya." Mimi na kushindwa wapi na wapi? Nikazing'oa sensa kwenye bampa nikazipandisha juu kwenye bodi, usawa wa kifua changu, majani yote yakabaki chini, kimya, safi kabisa, Nasibu akaniita injinia mbele za watu na mimi sikukataa.

Juzijuzi Bibi Eufrazia, ni mmoja wa hao wa baiskeli, alikuwa nyuma ya kenta ameinama anakaza mpira wa kufungia tenga lake, Nasibu akarudi nyuma, baiskeli ikapondwa, bibi akaangukia mkono ukavunjika, na asingevutwa na wenzake tungekuwa tunaongea mengine. Basi watu wote wanasema bibi masikio yamekwisha, na kweli ukimsalimia mara moja haitoshi, wanasema alamu ililia yeye hakusikia, wengine wakipita wanamwigiza, "Ee? Ee?", mwanawe Innocent naye amekata shauri mama hashuki tena kuuza mboga, akae nyumbani achambue maharage, na bibi nimeambiwa analia, maana biashara ile ndiyo maisha yake. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nakunywa chai. Waliponiuliza nikasema kifaa changu hakijawahi kufeli.

Shida yangu ni hii: bosi mwenye kenta hiyo ana nyingine mbili na anataka nizifunge sensa wiki hii hii, anasema bila sensa bibi angekufa kabisa. Je, niipokee kazi sasa hivi au nisubiri maneno yapoe? Na nikimpelekea bibi kuku, si itatosha?

Ni mimi,
Luqmani (Injinia), Bigwa

*

Luqmani mwanangu, marahaba. Nimecheka mpaka kwenye karoti zinazotembea, halafu kicheko kikanikauka.

Akili unayo, sikunyimi. Dereva wa kenta haoni nyuma yake, na kitu kinachomwonya kuwa kuna mtu ni kitu cha maana. Natamani kila gari linalorudi nyuma penye waenda kwa miguu na baiskeli liwe nacho. Lakini ulikifunga kwa ajili ya nani? Aliyekaa kwenye usukani alipokasirika ulimkimbilia na bisibisi. Wanaosimama nyuma ya gari hukuwauliza hata mmoja. Ukajipima wewe, kifua mbele! Nani anasimama gwaride nyuma ya kenta ya mboga? Watu wanainama kufunga mizigo, mtoto anaokota karoti, baiskeli inafika kiunoni. Kisha ukamstaafisha Mosi, mtu pekee aliyekuwa anawaona.

Na kuna jambo umelikwepa. Umenieleza mpaka kuku walivyotawanyika, ila hukuandika popote kama siku ile alamu ililia. Ulikuwa hapo ng'ambo, masikio yako mazima. Ililia au haikulia? Huyo mama anachekwa na kufungiwa ndani kwa jibu ulilolikalia wewe.

Sasa nisikilize, na ni leo. Kenta isirudi nyuma hata kidogo Mosi akiwa ndani. Sensa zirudi kwenye bampa. Zikililia majani, Nasibu avumilie, au umfungie na kamera aone mwenyewe kuwa ni jani. Uchuchumae nyuma yake, uweke baiskeli, uweke tenga, ujaribu mpaka uridhike, na hata ukiridhika Mosi ataendelea kushuka, kiganja chake na alamu yako vifanye kazi pamoja. Kenta za bosi usiziguse kabla ya hapo, na umwambie sababu. Baiskeli ya bibi utaitengeneza wewe. Kuku mpeleke, ila kuku hatasema unachotakiwa kusema. Kaseme mwenyewe, mbele ya Innocent, kisha ushuke useme palepale wanapomwigiza.

Usipoenda nitapanda mimi, na kwa magoti yangu haya nitafika nimekasirika.

Shangazi Raya

*

Luqmani tulimtumia jibu hili kabla ya kulichapa. Akatuletea ujumbe huu:

Shangazi, sensa zimerudi kwenye bampa, nimechuchumaa nyuma ya ile kenta mpaka miguu imekufa ganzi, sasa hata ukiinama inakuona. Nasibu amenuna, na anune. Mosi anapiga bodi kama analipiza kisasi. Bosi nimemwambia asubiri, kanifokea, bado namwambia asubiri.

Leo nimepanda kwa bibi na baiskeli nimeibeba begani, imenyooka, breki mpya. Innocent alikuwepo. Nilikuwa nimepanga kuanza na maelezo ya sensa ni nini, unajua tena mimi, lakini bibi akanikaribisha kiti akasema, "Mjukuu wangu, ongea kwa sauti, siku hizi mimi sisikii."

Maelezo yote yakanikimbia. Nikasema kwa sauti mpaka majirani wakatoka: Bibi, masikio yako hayana kosa. Nilizipandisha sensa mimi. Nilikuwa pale ng'ambo, nasikia kila kitu, na haikulia.