Ndege Wangu Ana Jina la Baba Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla mawingu hayajarudi, maana mimi ni bi harusi mpya hapa vilimani Gatyana na furaha yangu haisemeki, mume wangu Ayabonga ananipenda mpaka chai yangu anaipuliza yeye, na nisingekuwa na neno kama si ndege wangu wa radi. Nimemlea tangu yai, nikaja naye begani siku ya harusi, kwa kuwa nyumba hii haikuwa na wa kumeza radi tangu ndege wao alipokufa kwa uzee. Tabu ni jina. Unajua kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wala neno lenye mlio wake, kwa hiyo kalamu nampa mume wangu, nami nageuza uso: ndege ni ZUKO, baba ni ZUKILE. Haya, nimerudi.

Nilijaribu kumwita "Wewe", hakugeuka, nikamwita "Mpenzi", akaja mume wangu. Juzi dhoruba ikashuka, ndege yuko zizini anadonoa kupe mgongoni mwa ng'ombe, radi inalikaribia paa letu la nyasi, na ndani amelala mtoto wa wifi yangu. Nikalitamka kwa sauti ya juu, jina zima, nikaongeza, "Panda juu!" Baba mkwe, aliyekuwa amebeba nyasi za ng'ombe, akasimama: "Nipande wapi mimi na magoti haya?" Ndege akaruka paani, akaimeza radi yote, akacheua cheche moja tu.

Badala ya asante, mama mkwe akanijia mikono kiunoni. "Wewe mwana wa watu! Baba wa nyumba hii unamwamrisha kama kuku?"

"Mama, nilimwita ndege."

"Basi ndege huyo arudi kwenu. Na ukimlilia sana, mfuate!"

Mshauri, ndege harudi, nami sirudi. Mume wangu nampenda, ndege wangu nampenda, na paa hili nitalilinda watake wasitake. Niambie tu niseme nini, maana kunyamaza sitanyamaza.

Nokhanyo, niliyekuwa Phelokazi

JIBU

Nokhanyo mwanangu, hapo kwa "Mpenzi" nilicheka peke yangu, kisha nikakunja uso. Mwiko umeuvunja, ndiyo. Mtoto yuko hai, kwa hiyo sitakuambia ujute. Ila usijidanganye kwamba ulikosea siku ya dhoruba. Ulikosea siku ya harusi, ulipompandisha ndege paani bila kumwingiza nyumbani.

Wewe uliingizwaje? Ulinyweshwa maziwa ya mgando ya zizi lile, mama mkwe akakupa jina, Phelokazi akawa Nokhanyo. Siku za kwanza uliitikia? Najua uliitwa ukabaki unatazama ukuta. Sasa ndege wako kanywa nini? Bado ni mgeni anayeitwa kwa jina la kwao, halafu unashangaa wenyeji wakinuna!

Asubuhi jifunge kitambaa kichwani, umpeleke ndege kwa mama mkwe, upige magoti. Omba radhi kwa ajili ya jina la mzee, na hapo ulimi wako mrefu uukunje. Kisha sema: "Mama, nyumba hii ilipokea maharusi wawili, na mmoja hajanywa maziwa. Mnyweshe, umpe jina." Jina atakalolitoa kwa kinywa chake, atamfukuzaje mwenye nalo? Baada ya hapo, kila mkimwita kwa jina hilo mpeni tonge, naye atajifunza kama ulivyojifunza wewe. Dhoruba ikija kabla hajalizoea, mumeo amwite kwa jina la zamani, yeye mwiko huo haumhusu. Kwa sasa aache kupuliza chai, akae karibu na zizi.

Na mama mkwe akikataa hata hivyo? Usifunge mzigo. Kaa mlangoni na ndege wako begani, mtazame mawingu. Tuone radi ikija ni nani atakayetangulia kumwita.