Mfereji wa Papa Katika Maharagwe ya Mama

Mpendwa Papa,

Nakuandikia juu ya barabara, maana najua ndilo jambo ambalo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza nani ameolewa. Tulipokuacha kwenye makaburi ya Mweso, kule tulikokimbilia vita, ulikuwa hujaiona kwa muda mrefu. Sasa tumerudi mlimani kwetu. Nyumba ilikuwa imebaki kuta, shamba limekuwa pori, na kipande chako cha barabara ya kwenda Pinga, kile ulichokitunza, kilikuwa kimeota majani mpaka katikati.

Unakumbuka bariere ya mvua? Ule mwanzi mrefu wenye jiwe lililofungwa upande mmoja? Mvua ikinyesha uliushusha, na malori yote yalisimama hapo mpaka udongo ukauke. Madereva walikubembeleza, wakakutukana, wakakuita kila jina. Wewe ulivua buti, ukatembea katikati ya barabara ukikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, bariere inabaki chini. "Hata Yesu akuje na Fuso, atangoja," uliwaambia, na Mama akakukemea kwa kumtaja Bwana ovyo.

Mimi nilikufuata na kikapu cha changarawe. Ulinionyesha namna ya kuinua barabara katikati ili maji yaanguke pembeni, na namna ya kujaza shimo: mawe makubwa chini, madogo juu, kisha kushindilia kwa gogo. Lakini kazi uliyoipenda hasa ilikuwa mifereji. "Barabara haiuliwe na kamio," ulisema ukiyaonyeshea malori kidole. "Iko inauliwa na maji yenye kukosa fasi ya kwenda."

Na maji hayo uliyapa pa kwenda: shamba la Mama. Pale kwenye kona, chini kidogo ya nyumba, ulikata mfereji ukapita katikati ya maharagwe yake mpaka bondeni. Yeye siku hiyo alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta udongo wake mweusi umerundikwa kando. Hakupiga kelele. Ila tangu hapo kila alipopita pale alisema, "Njo hapa baba yenu alizika shamba yangu," nawe ukacheka, na sisi sote tukacheka. Nilidhani ni utani wenu wa watu wazima.

Tuliporudi, mfereji ulikuwa umeziba nusu. Mama alimalizia kuuziba kwa jembe, akausawazisha, akapanda maharagwe juu yake. Mbegu hiyo alikuwa ameitunza kwenye pindo la kitenge muda wote tulipokuwa kambini, na baada ya kula vya kupimiwa kwa muda mrefu hivyo, nani angemkataza mtu kupanda? Yaliota vizuri kuliko mengine yote, kwa sababu ya tope lililokuwa limejikusanya pale.

Halafu mvua kubwa ikaja. Maji yalifika kwenye kona, yakakosa mlango, yakashuka na barabara yenyewe. Asubuhi kulikuwa na ufa wa kumeza ng'ombe. Pikipiki zilivushwa kwa kubebwa. Malori hayakupita kabisa. Mavuno ya mlima mzima yalibaki majumbani. Mke wa jirani yetu, uchungu ulipomshika, alibebwa kwa kipoyi, ile machela yetu ya miti, mpaka ng'ambo ya ufa, ndipo akapata pikipiki ya kumfikisha hospitali ya Mweso. Alijifungua salama, Mungu asifiwe. Lakini wale waliombeba, walipopita kwenye kona, wote waliangalia shamba letu.

Komite ya barabara imenichagua mimi kuwa kantonie, mtunza barabara, mahali pako. Wanasema nimerithi kisigino. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, walikuja wote na majembe na mabeleshi, wakasimama barabarani. Hakuna aliyetaka kugusa maharagwe ya mjane, kwa hiyo wakanitazama mimi. Yalikuwa yameanza kutoa maua, Papa. Ningeweza kukata tu, kama ulivyofanya wewe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, Mama alikokuwa anapepeta, jembe likiwa mkononi.

"Mama, maji iko inakosa njia. Tunaomba kupitisha mufereji mu shamba yako. Unakubali ao unakatala?"

Aliweka ungo chini.

"Unaniuliza?"

"Njo nakuuliza, Mama."

"Baba yako hakuniulizaka." "Miaka yote mulikuwa munafikiri niko nalilia maharagi. Maharagi itaota fasi ingine. Mi nilikuwa nangoja muntu aniulize."

Akachukua jembe mkononi mwangu, akashuka shambani, akang'oa mashina ya kwanza yeye mwenyewe, na maua yake. Ndipo wengine wakaingia. Kabla ya jua kuzama mfereji ulikuwa umefunguka mpaka bondeni, na majani ya yale maharagwe tuliyapika jioni.

Papa, nimekukumbuka sana katika kazi hii. Hakuna mtu wa mlima huu aliyejua njia za maji kama wewe. Lakini hilo moja la nyumbani kwako hukulijua, na nimekukasirikia kidogo. Hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa hiyo nimeileta hapa.

Leo mvua imenyesha na nimeshusha bariere. Mama alijifunika kitenge kichwani akaenda kusimama kando ya mfereji, akitazama maji yakishuka. Alisimama mpaka mvua ikakatika. Nilipomwambia kwamba ninakuandikia, alifikiri, kisha akanipa salamu zake, nami nazileta kama zilivyo:

"Umuambie maji inapita. Umuambie barabara yake iko muzima. Na umuambie, ningekubali."

Pumzika, Papa. Udongo ungali laini, ukikauka nitafungua bariere.

Binti yako mkubwa