Sakafu ya Katune

Kola, 3 Mei 1998

Mwanangu Ndunda,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mguu tu unanisumbua. Huko Athi River mko aje, na watoto?

Ng'ombe wetu Katune hayuko sawa. Tangu ujenge banda la simiti na kukataza ng'ombe asitoke, hali majani vizuri. Sakafu fundi aliipiga niru ya simiti laini ikang'aa kama ya sebule. Akisimama anateleza, akilala analalia mkojo. Kwato zinaoza, goti limevimba, na yuko na mimba ya miezi saba. Niruhusu nimpeleke kwenye nyasi kule mteremkoni, hata asubuhi tu.

Mama yako, Wavinya

Athi River, 20 Mei 1998

Mama,

Habari za huko? Sisi wazima, tunashukuru Mungu.

Kuzurura na ng'ombe ni mambo ya zamani. Seminani tulifundishwa: ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, hatembezwi. Niru niliagiza mimi, wageni wangu wasikanyage matope. Na ule mteremko nimempa Ndambuki achome matofali. Ukifungua banda, nitamuuza huyo ng'ombe na chai utakunywa ya rangi mpaka ufe. Sitaki tena habari za kwato.

Mwanao, Ndunda

Kola, 9 Juni 1998

Ndunda mwanangu,

Natumai hamjambo. Jana Katune aliteleza, miguu ya nyuma ikapanuka, mmoja huku, mwingine kule. Hawezi kuamka. Daktari wa mifugo anasema tumtoe, alale kwenye mchanga mkavu, tuwe tunamgeuza, labda atazaa. Nimemtandikia blanketi langu. Tafadhali, kubali!

Mama yako, Wavinya

Athi River, 17 Juni 1998

Mama,

Pole. Achana na daktari. Mwite Festus wa bucha kabla ng'ombe hajakonda. Mwingine analetwa Jumamosi ya tarehe 27. Osha banda, naye asitoke.

Mwanao, Ndunda

Kola, 24 Juni 1998

Ndunda,

Festus alikuja. Alimchinja palepale, Katune akiniangalia mimi. Ndama aliyetolewa tumboni alikuwa jike. Alipumua kidogo tu, akaacha.

Huyo mwingine akiletwa, nitamwambia dereva ageuze gari. Mlango wa banda ni fito mbili na kamba. Ningefungua siku yoyote. Sikufungua kwa sababu nilikuogopa wewe, mtoto wa tumbo langu. Hilo sitakusamehe, na mimi mwenyewe sijisamehe.

Wavinya