Mashine Yako Imezunguka

Baba Watoto,

Sisi wazima, na kitinda mimba ameota meno.

Jana mdogo wako alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, wameshika nyundo ya kuvunjia mashine yako ya kukereza vyuma.

"Kutu tupu hii, shemeji," akasema mdogo wako.

Nilikuwa nimeshaisugua wiki nzima kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, hadi vidole vikachubuka.

Nikawaambia bado inafanya kazi. "Basi iwashe tuone!" akasema mnunuzi.

Nikabonyeza swichi. Ikakoroma, ikasita, halafu ikazunguka. Mnunuzi akacheka, akaenda zake.

Shemeji akauliza, "Kaka anarudi lini?" Nikazima mashine, nikaanza kuifuta.

Leo mteja kaleta kazi. Sikumwambia akusubiri, nimeanza kuikereza mwenyewe.

Ni mimi mkeo, mpaka sasa.