Wote Wanasema Cheche ni Wao

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaharibu kitu nilichokijenga kwa mikono yangu, maana nimejaa furaha mpaka kichwa kinavimba na wakati huohuo usiku silali, na mume wangu amechoka kunisikiliza, amesema niandike gazetini labda nitanyamaza.

Mimi ni mratibu wa huduma za vijana hapa mjini kwetu, na zamani kijana akija na shida ofisi ya ustawi wa jamii inamtuma kliniki, kliniki inamtuma polisi, polisi wanamtuma chuo cha ufundi, chuo kinamrudisha ustawi, na kila anapofika anaambiwa haya kaa, eleza tena tangu mwanzo, mpaka anachoka haji tena na sisi tunasema hakutoa ushirikiano, basi mimi nikasema hapana, nikaomba chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, nikakipaka rangi ya kijani mwenyewe, nikaweka meza moja, na sasa kila Jumanne ofisi zote nne zinakaa hapo pamoja na mkalimani wa lugha ya alama, mlango unafungwa, simu zinabaki nje kwenye beseni, kijana anasimulia mara moja tu, na hakuna ofisa anayenyanyuka mpaka amwambie uso kwa uso atamsaidia nini na lini. Mshauri, niache nijisifu kidogo: inafanya kazi! Yule wa polisi aliyekuwa anakuja amenuna, siku hizi ndiye anayewahi kuliko wote, na wa chuo anataniana na wa kliniki utadhani wamezaliwa tumbo moja.

Sasa kuna binti aliyepita kwenye meza yetu, nitamwita Cheche ingawa si jina lake, yeye ni kiziwi na ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake, nusu ya mageti ya mtaa ule ni kazi yake, na ukipita anakupungia mkono bila kuacha kazi. Wiki iliyopita mkurugenzi wetu alituita, akasema wageni wanakuja kuamua kama meza yetu iendelee au ifungwe, kwa hiyo kila ofisi ilete kijana mmoja wa mfano, na mshauri usicheke, ofisi zote zikamtaja Cheche! Ustawi akasema, "Huyu ni wetu, sisi ndio tulimpokea." Wa chuo akaruka, "Mkampokea mkamfanya nini? Ufundi alijifunza kwenu?" Kliniki akanuna, polisi akagonga meza, tukacheka mpaka machozi, na mimi nikajisikia kama mama ambaye mwanawe anagombewa na mashangazi. Mkurugenzi akamaliza ubishi: Cheche apande jukwaani asimulie yote tangu mwanzo, na kila ofisi isimame zamu yake inapofika, "na wewe mratibu umwandae, wewe anakusikiliza."

Nikaenda karakana. Alama nimejifunza za kutosha, nikamweleza kwa mikono yangu mwenyewe. Akazima mashine, akavua miwani, akaniuliza, "Si uliniahidi nitasimulia mara moja tu?" Nikamwambia nitarudi, na sijarudi.

Mkurugenzi ananipigia kila asubuhi, lakini ukweli ni kwamba hata mimi nataka apande, nataka watu wamwone, najivunia binti yule mpaka nashindwa kutulia, na nikiwaona vijana wanaosubiri kwenye benchi nje ya chumba chetu najiambia dakika chache za Cheche zitawaokoa wote hawa, kisha nakumbuka uso wake nakosa raha. Nimbembeleze au nimwache? Na nikimwacha meza ikafungwa, wale wa kwenye benchi nitawaambia nini?

Mratibu Asiye na Raha

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mratibu, kwanza nipe mkono. Ofisi kama hizo nimezizunguka na mtoto wa dada yangu, tukaambiwa "njoo kesho" mpaka viatu vikaisha soli, kwa hiyo najua ulichofanya. Jivune, tena jivune sana. Polisi anawahi kikao! Mimi hapa nimepiga makofi peke yangu ofisini, wenzangu wakanishangaa.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Karakana ulifuata nini? Usiniambie ulitumwa, ahadi ilikuwa yako. Binti hakukukatalia kwa ukaidi, amekuuliza swali, nawe umeliacha hewani ukaondoka zako. Unaniuliza umbembeleze? Ukimbembeleza atakubali, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu atakubali kwa kukupenda wewe, huku moyo wake hautaki.

Hebu fikiri. Wageni wanakuja kuona kama ofisi zinashirikiana. Basi waonyesheni ofisi! Waliokuwa wakipigishwa danadana ni vijana, waliokuwa wakiwapiga hizo danadana ni hao wanne wako, kwa hiyo wao ndio wenye la kusimulia. Apande yule wa polisi aeleze kwa nini alikuwa akinuna na nini kimembadilisha. Apande wa chuo aseme alikuwa anawarudisha mlangoni vijana wa namna gani kabla mkalimani hajaja. Watatokwa na jasho? Na watokwe. Wageni waingizwe kwenye chumba hicho cha kijani, wakae kwenye viti, waone beseni la simu, bila kijana yeyote ndani.

Leo hii nenda kwa Cheche. Mwambie ndiyo, uliahidi, na jambo limekwisha. Usimchomekee "lakini" mwishoni. Akitaka kuja siku hiyo kama fundi, aonyeshe mageti yake, ni hiari yake, wewe usiligusie. Ukitoka hapo nenda kwa mkurugenzi kwa miguu yako, si kwa simu, umpe mpango mpya. Akikunja uso, mwambie vijana wanakuja kwenu kwa kuwa mlango unafungwa kweli, na siku wakisikia ya ndani yamesemwa jukwaani, benchi litabaki tupu hata wageni wakiwajengea ghorofa. Inawezekana meza ikafungwa, sikufichi. Ikifungwa, hao wa kwenye benchi waambie ukweli, kisha waite wale wanne mkakae popote penye kivuli, maana sasa wanajuana na hawana tena kisingizio.

Na la mwisho. Umbea ndio unaonilisha, sikatai. Nilipomaliza barua yako niliirudia tangu juu nikitafuta, jamani, huyu binti yalimpata nini hasa? Sikuona. Umenieleza rangi ya ukuta, mume aliyekuchoka, mkurugenzi na simu zake, nani alinuna na nani aligonga meza, lakini yaliyomleta Cheche kwako hukuniandikia hata neno moja. Hakuna aliyekukataza. Ulikuwa umechanganyikiwa, unamwandikia mtu usiyemjua, na bado ukamtunzia siri yake. Kwa hiyo usiniambie hujui la kufanya.