Harufu ya Ukutani

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Tumehamia! Ghorofa ya pili, kiwanda cha zamani cha wiski kilichogeuzwa nyumba za kupanga, hapa Laurel, huku ughaibuni. Matofali mekundu, madirisha marefu, nguzo za mbao nene ajabu. Ajenti anasema mapipa yalilazwa humu miaka na miaka, yamezibwa, yanangoja. Rafiki yangu Shiku kanicheka kwenye simu — walokole wazima, mkakosa pengine pa kuishi? Acha acheke. Mume wangu Mugo ameacha pombe tangu Ethan wetu azaliwe. Na anajua nilichomwambia: akirudia hata tone, namchukua mtoto naenda kwa Shiku, mji wa Wheaton.

Jumapili, 5 Oktoba

Fellowship, kikundi chetu cha maombi, wamekuja kuombea nyumba. Chai, mandazi, viti havikutosha. Mama Chepkoech, kiongozi wetu, kapaka mafuta kila mlango, akakemea kama kawaida yake: "Kila kilichofungwa ndani ya nyumba hii, kifunguliwe! Kitoke!" Tukaitikia amina kwa nguvu. Huomba hivyo kila nyumba, ni baraka anazofungua. Ethan akaninong'oneza, "Mommy, what was locked?" Eti nini kilikuwa kimefungwa. Nikamfinya.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetoka shifti ya usiku asubuhi, nikalala. Harufu imeniamsha. Wiski! Inatoka ukutani, upande anaolala Mugo. Nimegusa — pakavu. Nimepasugua kwa jiki, nimefungua madirisha yote. Ikazidi kuwa tamu.

Nimepekua gari lake, mabegi, hadi tangi la choo. Hakuna chupa. Nimejichukia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mugo anasema hasikii harufu yoyote. Lakini leo nimemkuta sakafuni, shavu kwenye matofali ya ukuta, macho amefumba. Mchana kweupe! Nikamwambia tuhame. Akajibu kwa upole, eti hapa ndipo alipopata usingizi mzuri mara ya kwanza tangu atoke kwao Embu. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempigia Mama Chepkoech. Nimemwomba aje afunge alichofungua. Kacheka! Eti baraka hazirudishwi. Watakuja Jumapili baada ya ibada, tumshukuru Mungu kwa nyumba.

Jumapili, 12 Oktoba

Imeisha! Nimeamka, hakuna harufu. Nimenusa ukuta mzima kama mbwa — vumbi tu. Nimeimba nikikaanga mayai. Nimesema basi, ilikuwa uchovu wa kazi.

Mugo hakuamka kwenda kanisani, nasi tukabaki. Saa sita nikaenda kumwita. Pumzi yake safi, nimeinusa mara mbili. Ila jasho — la usoni, shingoni, viganjani — wiski tupu, ile ile ya ukutani. Shuka imelowa.

Akafumbua macho. "Makena, haki ya Mungu, sijaonja. Si uniamini?"

Namwamini. Na hilo ndilo linaloniogopesha. Nilijiandaa kwa mume mwongo, sikujiandaa kwa hili.

Nimepanga nguo za Ethan kwenye begi. Niko bafuni, naandika nimesimama. Kengele inalia. Ni Mama Chepkoech na wenzake, wameshaanza kuimba huko koridoni. Namsikia Mugo ameamka kuwafungulia. Amejigonga mezani. Amejigonga ukutani.

"Daddy, why are you walking like that?"

Ethan anamshangaa baba yake anavyotembea. Sasa wageni wanabisha hodi. Nimeshika begi, na sijui nitoke nimchukue mtoto, au nitoke nimshike baba yake asianguke