Askari Wote Wana Mashoto

Jumatatu, 4 Machi

Siku nzima sijatamka neno kwa kinywa, ila “asante” kwa dada aliponisukumia sahani mlangoni. Kwa vidole nimesema mengi! Nimemaliza kupanga picha za setilaiti za wiki nzima kwa ajili ya ramani ya vita ya kundi letu la mtandaoni: mahandaki mapya matatu, uwanja mmoja wa ndege uliokarabatiwa kimyakimya. Hakuna siri hapo. Kila kitu kimeanikwa mtandaoni, watu hawana tu subira ya kutazama. Mimi ninayo. Tangu nihitimu, subira ndiyo kazi yangu pekee.

Dada anasema najua vita vya nchi saba na sijui kwamba sukari imeisha. Ni kweli sikujua.

Jumatano, 6 Machi

Video mpya! Sekunde kumi na tisa. Magari ya deraya kumi na moja yameegeshwa kando ya daraja, kilima upande wa kushoto, tangi la maji upande wa kulia. Mto ule wa ng'ambo ya mpaka una madaraja mawili makubwa, la juu na la chini, na njia zote mbili za malori hupita hapo. Nililinganisha na picha za setilaiti kwa saa nne. Ni daraja la chini, bila shaka yoyote.

Bundi akapinga. (Simjui jina wala sura, picha yake ni bundi, nasi tunabishana mwaka wa pili sasa. Kama nina rafiki duniani, ndiye huyo, japo sijawahi kumwambia.) Akataka tupime vivuli. Nikamwambia kuna mawingu, vivuli vitoke wapi? Akauliza: mbona askari wote wana mashoto?

Nilicheka peke yangu chumbani. Nikamwandikia aya tatu juu ya tofauti ya ushahidi na udaku, na nikamalizia kwamba anayehesabu mikono ya watu akatafute kazi kwa fundi cherehani. Wengine kundini wakacheka. Yeye akaandika “haya, msomi” na kutoka.

Kanuni yetu ni kwamba nukta nyekundu, ya kuonyesha palipo na askari, haiwekwi kwenye ramani mpaka wawili waafikiane. Lakini tangu mwezi jana mimi ni msimamizi; naweza kuiweka peke yangu. Nikaiweka.

Alhamisi, 7 Machi

Bundi hajaingia. Kundi ni kimya kama msikitini baada ya sala. Watu mia nane wameitazama ramani. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji, mume wa dada, ameondoka na lori la dawa, anavuka mpaka. Alfajiri aligonga mlango wangu, kofia mkononi. “Profesa! Barabara yangu imeamkaje?” Huniita hivyo kwa utani, lakini leo alisimama akingoja jibu. Alisema madereva wenzake pale yadi wanapendelea daraja la chini, eti la juu wanalinusa vibaya. Nikamwonyesha nukta. Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninayetetea tasnifu: deraya kumi na moja, daraja la chini. Pita juu.

Akanipiga bega. “Wao wana pua, mimi nina Profesa nyumbani.”

Nilifurahi kupita kiasi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: tangu mahafali hakuna aliyenihitaji kiasi kile.

Jumamosi, 9 Machi

Mchana imetoka video nyingine, ndefu. Magari yaleyale. Askari yuleyule mwenye mkono wa shati uliochanika. Bunduki ameishika kwa mkono wa kulia. Namba za magari zinasomeka.

Nikaichukua ile ya Jumatano nikaigeuza, kushoto kuwa kulia. Kilima kikaenda kulia, tangi likaja kushoto. Daraja la juu. Kila jiwe mahali pake.

Aliyeisambaza aliigeuza kama kwenye kioo ili mtandao usimtambue kwamba ameiiba kwa mwingine. Hila ya kitoto. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huiangalia kabla ya lolote — mimi mwenyewe nimewafundisha wageni wa kundi!

Nimeifuta nukta. Nimeandika masahihisho: “Kosa ni langu.” Maneno matatu, dakika arobaini. Nimempigia shemeji mara tisa. Hapatikani. Ng'ambo ya mpaka mtandao hukatika, hilo alishasema. Nimemtumia ujumbe: RUDI, PITA CHINI. Alama moja tu ya kijivu: haujamfikia. Nimepiga yadi, karani ameahidi kuwaambia madereva walioko njiani, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema shemeji wa mmoja wao. Kumbe ndicho cheo pekee nilichobaki nacho.

Jumapili, 10 Machi

Alikadiria kufika darajani leo saa sita. Sasa ni saa saba na robo. Alama ni moja bado. Karani hapokei.

Bundi ameingia. Hakunikejeli, bora angenikejeli. Kaandika: “Nimeona. Kuna mtu alipita kwa kuifuata nukta yako?” Nimeandika jibu, nimelifuta. Nimeliandika tena.

Dada ameingia bila kubisha, kikombe cha chai mkononi. Sijamwambia. Tangu jana nimekuwa nikijiambia kwamba namwambia baada ya kupata uhakika — mimi na uhakika! Akaketi kitandani. Miaka miwili sasa nakaa kwake, na hajawahi kuitazama skrini yangu, leo ameitazama. Akasema inapendeza. Akauliza mto ni upi, nikamwonyesha. Kumbe shemeji alimwambia kabla ya kuondoka asiwe na wasiwasi, kwa kuwa njia kaichagua mdogo wake.

“Basi mwekee nukta na yeye,” anasema, “nijue yuko wapi.”

Naandika huku kanipa mgongo, anafunga pazia ili ramani ionekane vizuri. Sasa anageuka